Nyumba ya Kogo Ilipohamia Makumbusho

Juzi nilitoka zamu nikiwa sina nguvu hata ya kusalimia watu. Nilipita sokoni kununua mboga, na mama mmoja anayeuza mursik, maziwa yetu ya mgando, akafungua kibuyu ili nione kwamba maziwa yake hayajaongezwa maji. Harufu ikanifikia kabla sijainama: maziwa yaliyolala, moshi, na ule mkaa wa mti wa senetwet ambao ukishaunusa utotoni hauondoki tena puani. Nilimwomba stuli. Nikakaa pale kati ya sukuma wiki na vitunguu kama mtu aliyeletewa habari mbaya, mpaka yule mama akaniuliza kama sukari yangu imeshuka. Nikamwambia ni uchovu tu. Haukuwa uongo. Siku hizi nachoka mapema, na wewe uliyezaliwa miaka yetu unaujua uchovu ninaosema, ule ambao hata ukilala unaamka nao. Lakini aliyenikalisha kwenye stuli ile ni Kogo.

Kogo ni bibi yangu, mama yake baba. Sisi wajukuu wote tulimwita hivyo, na sikujua kwamba ana jina lingine mpaka nilipolisikia kanisani akizikwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliishi upande wa Kaptagat, na sisi tuliishi Huruma, Eldoret, chumba kimoja cha kupanga, baba akichomelea mageti kwenye karakana za jua kali. Kila shule zikifungwa nilipelekwa kwa Kogo. Nilikuwa na mahali pangu katika nyumba yake ya mviringo: upande wa ukutani kwenye kitanda cha udongo, chini ya ngozi ya ng'ombe, miguu ikielekea mekoni.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu na alikuwa ameambiwa asibebe hata mtungi, kwa hiyo nilipelekwa mapema, siku ya kwanza ya likizo ya Agosti. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na kelele na isiyoisha. Baba mdogo alinipokea pale madukani, tukapanda naye hadi nyumbani, na nilipoingia kwenye boma nikasimama. Pale nyumba ya Kogo ilipokuwa palikuwa na duara la udongo mtupu, jeusi katikati. Kuku walikuwa wanachakura kwenye majivu.

"Nyumba ya Kogo iko wapi?" nikauliza.

"Mwalimu alichukua," baba mdogo akasema, akivua gambuti zake. "Iko makumbusho sasa."

Neno hilo sikuwa nimelisikia. Ila nilijua kukumbushwa. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na mtindo wa kusema, "Wewe nitakukumbusha," kisha anavuta kiboko kutoka juu ya kabati. Katika kabati hilohilo alifungia vitu alivyotunyang'anya: mipira ya karatasi za nailoni, kamba za kuruka, kioo kidogo cha msichana mmoja aliyependa kujitazama wakati wa hesabu. Ukikaa vizuri hadi mwisho wa muhula ulirudishiwa. Ukikosea tena, basi. Kwa hiyo mimi nilielewa mara moja, bila kuuliza zaidi. Kogo alikuwa amefanya kosa. Mwalimu fulani alikuwa amemnyang'anya nyumba, akaipeleka mahali pa kumkumbushia.

Yale niliyoyaona asubuhi yake yalinithibitishia. Kogo sasa alilala kwenye nyumba ya mabati ya baba mdogo, chumba kimoja na watoto watatu, kwenye kitanda cha mbao kilicholia kila alipogeuka. Kabla hakujapambazuka vizuri aliamka, akafunga leso kichwani na nyingine mabegani, akaingiza miguu kwenye gambuti kuukuu.

"Unaenda wapi, Kogo?"

"Nyumbani," akasema kwa lugha yetu. "Ukitaka, twende."

Tulitembea karibu saa nzima. Njia ilipita kwenye misonobari, matope yakivuta gambuti kama mtu anayekukatalia usiondoke, na ukungu ulikuwa mzito hata wakimbiaji wa mazoezi ya alfajiri tuliwasikia kabla hatujawaona. Walitupita kwa kundi, wakatamka salamu bila kupunguza mwendo, na walipokuwa wanarudi sisi tulikuwa bado hatujafika nusu. Kogo hakuwatazama. Alitembea akitazama hatua mbili mbele ya miguu yake, na nilipomuuliza kama amechoka, alisema, "Bado."

Makumbusho yalikuwa boma lililozungushiwa ua wa kayaba, kando ya barabara ya lami, na ndani yake nyumba tatu za mviringo. Mbili zilikuwa zimejengwa upya kwa kuonyesha watu: moja ya vijana waliotahiriwa, nyingine ghala. Ya tatu niliijua kabla sijaambiwa. Niliujua mlango, ubao uliopasuka upande wa chini ambapo paka alipitia. Niliijua nguzo ya katikati, iliyolainika na kung'aa usawa wa bega langu kwa sababu kila mtu aliishika akipita. Juu kwenye boriti palikuwa na namba za chaki, moja mpaka kumi na kitu, kama hesabu za mtoto.

Mwalimu mwenyewe alitoka kwenye kiofisi cha mbao. Alikuwa mzee mrefu, mstaafu, amevaa koti lenye kalamu tatu mfukoni, na alimshika Kogo mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, mama. Nimeanza kuungoja moto wako," akasema. Nilimtazama kwa makini. Walimu wakali kwanza huwa wapole, nilikuwa na ushahidi wa hilo.

Kazi ya Kogo ilikuwa hii. Aliwasha moto, kwa sababu paa la nyasi lisipopata moshi wadudu hulila. Alifagia. Kisha alikaa kwenye kigoda na vibuyu vyake, na wageni wakija aliwaonyesha jinsi kibuyu kinavyosafishwa kwa fimbo ya ukindu, jinsi mti wa senetwet unavyochomwa ukawa kaa jekundu, na kaa hilo linavyosuguliwa ndani ya kibuyu mpaka liwe vumbi jeusi, tayari kwa maziwa. Kati yake na wageni palikuwa na kamba ya katani, na ukutani vikadi vilivyopigwa taipu na kufunikwa kwa nailoni. Kogo hakujua kusoma. Siku ile ya kwanza alinielekeza kwa kidevu kikadi kilichokuwa juu ya kitanda.

"Hiyo karatasi inasema nini?"

Nikamsomea, nikimgeuzia kwa lugha yetu: hapa ndipo watu wa zamani walikuwa wakilala.

Alikitazama kikadi kwa muda. "Zamani," akasema. "Mimi nililala hapo mpaka Mei."

Wageni hawakuwa wengi, lakini waliokuja waliuliza maswali yaleyale. Moshi hauwaumizi macho? Mbuzi walilala wapi? Siku moja bwana mmoja aliyetoka Nairobi na familia yake aliinama mlangoni, akatazama huku na huku, akamuuliza Mwalimu, "Na kweli mtu angeweza kuishi hapa?"

Kogo alijua Kiswahili kidogo, cha sokoni. "Mimi nimezaa saba hapa," akamjibu.

Yule bwana akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani ambao ni sehemu ya maonyesho, kisha akamwomba asogee kidogo ili mtoto wake apigwe picha na vibuyu. Kogo akasogea. Alisogea mara nyingi likizo ile. Jioni tukirudi aliketi mara tatu njiani, kwenye jiwe moja, kwenye gogo, kisha kwenye kingo za daraja, akishika magoti yake kama yanaweza kukimbia.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Kama Kogo alikuwa anatumikia adhabu, basi tukiwa wazuri sana ingefupishwa. Nilifagia mpaka nje ya ua. Nilimsalimia Mwalimu nikiwa nimeinama. Nilibeba kuni bila kuambiwa, nikafuta vumbi kwenye vikadi vyake vya nailoni, na kila jioni nilisubiri karibu na mlango wa kiofisi aseme kwamba imetosha, nyumba imerudishwa, tuibebe. Yeye alisema, "Asante, mama, tuonane kesho," na kila aliposema hivyo nilijisikia mzito hata kabla hatujaanza kutembea. Kosa la Kogo lilikuwa nini, sikuthubutu kuuliza. Nilifikiri ni kubwa, kwa kuwa watu wazima wote nyumbani walilinyamazia. Na polepole, bila kutaka, nikaanza kumwonea aibu.

Wiki ya tatu, Jumamosi, basi lilisimama barabarani na watoto wakamwagika wakiimba. Nilikuwa nimebeba mtungi wa maji. Nikatambua wimbo kwanza, kisha sauti, kisha nyuso. Walikuwa watoto wa Sunday school ya kanisa letu la Huruma, na mbele yao, amevaa sweta yake ya njano, Wanjiku. Wazazi wa Wanjiku walikuwa na kioski mkabala na ploti yetu, na yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote. Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Niliingia ndani ya nyumba ya Kogo nikasimama nyuma ya nguzo, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Mwalimu aliwaleta moja kwa moja pale.

Waliingia kwa zamu, kumi kumi. Wanjiku aliniona mara moja.

"Jerono! Kumbe uko huku? Unafanya nini?"

"Nimekuja tu kutembea," nikasema.

Alimtazama Kogo, aliyeketi kwenye kigoda na kibuyu mapajani, masizi mpaka kwenye viwiko. Gambuti zake zilikuwa kando ya mlango na miguu yake ilikuwa peku, imepasuka visigino. Watoto wengine walikuwa wanamtazama pia. Mmoja akaziba pua kwa sababu ya moshi, wenzake wakacheka.

"Huyu ni nyanya yako?" Wanjiku akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Niliona kila kitu kwa wakati mmoja: kamba, vikadi, nyumba iliyonyang'anywa, na mimi kesho yake Huruma nikiitwa mjukuu wa yule wa makumbusho.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Nilikuwa nimesema kwa Kiswahili, na haraka, nikajiambia Kogo hakusikia. Mkono wake uliokuwa unazungusha ile fimbo ndani ya kibuyu ukasimama. Kisha ukaendelea. Aliwaonyesha watoto kaa jekundu, akalitumbukiza ndani, akasugua, akatikisa, na wale wa mbele wakasogea kusikia linavyopasukapasuka. Alipomaliza aliinua kichwa akanitazama mimi.

"Wewe msichana," akasema kwa Kiswahili. "Kuja shika hii, wenzako waone."

Nilienda nikashika. Kibuyu kilikuwa na joto. Kogo alitazama mikono yangu, si uso wangu, akasema, "Asante, msichana," na watoto wakapiga makofi kama walivyofundishwa. Kisha kumi wengine wakaingia.

Tangu nizaliwe Kogo hakuwahi kunisemesha Kiswahili. Siku ile alinisemesha hivyo mpaka basi likaondoka, na hata baada ya basi kuondoka. "Leta maji." "Funga mlango." "Tangulia." Nilitangulia njia nzima peke yangu, nikigeuka kila kona kuangalia kama anakuja, na kila nilipogeuka alikuwa ameketi.

Nyumbani baba mdogo alimuuliza kama wageni walikuwa wengi.

"Wengi," Kogo akasema. "Watoto wa mjini. Wazuri."

Mama mdogo akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Nilimsubiri Kogo aseme. Kama angesema, ningechapwa, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba kiboko kikishapita jambo limeisha. Hakusema. Alikunywa chai yake, akaomba kusaidiwa kuvua gambuti, na baba mdogo akazivuta moja baada ya nyingine huku Kogo ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

Jumatatu alinigusa bega alfajiri akasema neno moja, kwa lugha yetu: "Amka." Nilishukuru hata nikataka kulia. Tulipofika makumbusho nilimwacha anawasha moto, nikaenda kwenye kiofisi. Nilitaka yaishe. Mwalimu alikuwa anabandika kikadi kipya kwenye ngao.

"Mwalimu," nikasema, "utamrudishia Kogo nyumba yake lini?"

Aligeuka polepole. "Nimrudishie?"

"Amekuwa mzuri. Anakuja kila siku. Hata mvua ikinyesha."

Aliweka gundi chini. Akavuta kiti cha pili, kile cha wageni, akaniambia nikae. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kiti.

"Mimi sikumnyang'anya bibi yako nyumba," akasema. "Ni yeye aliyenitumia habari nije. Watoto wa baba yako mdogo walikuwa wanakohoa, mama yao akasema ni ule moshi wa nyumba ya Kogo. Wakampa Kogo kitanda kwenye nyumba ya mabati. Hawakuwa na ubaya. Lakini hii ilikuwa iwe ya ndama. Bibi yako akaniambia, mwalimu, afadhali watu waitazame kuliko ndama waikojolee. Tukaibomoa pamoja. Hizo namba za chaki ziko kule juu kwa sababu yeye alikataa boriti hata moja ibadilishwe mahali."

"Kwa hivyo hajafanya kosa?"

"Kosa gani?"

Nikainuka kwenye kiti.

"Na mimi sikumwajiri," Mwalimu akaendelea, sasa kama anajisemea. "Kila siku namwambia, mama, pumzika, nitatafuta mtu. Ananiambia, nikipumzika nitapumzikia wapi."

Nilirudi kwenye nyumba. Moto ulikuwa umeshika, na Kogo alikuwa amevuka kamba, amelala kwenye kitanda cha udongo chini ya kile kikadi, amejikunja upande wa nje. Alikuwa amelala usingizi mzito kama mtoto. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Mwishowe nami nikavuka kamba, nikampita, nikajilaza upande wa ukutani. Hakufumbua macho. Alisogea kidogo tu, kunipisha au kunikwepa sikuelewa, na sikuuliza, na wageni wa kwanza walipofika alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda, amejifuta uso.

Mama alijifungua salama na nikarudishwa Huruma. Jumapili ya kwanza baada ya ibada nilimvuta Wanjiku nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimelipanga neno hilo wiki nzima.

"Yule mama wa makumbusho," nikasema. "Ni kogo yangu. Nilidanganya."

Wanjiku alikuwa anamenya muwa kwa meno. Alitema ganda. "Nilijua," akasema. "Wote tulijua. Mna pua moja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ndio ulisema hapana."

Akavunja muwa akanipa kipande, tukarudi kwa wenzetu.

Makumbusho yale hayapo tena. Mwalimu alipofariki watoto wake waligawana shamba, na sasa pale pana mikaratusi na duka la dawa za mifugo. Lakini Desemba ya mwaka ule yalikuwapo, na nilienda kwa Kogo nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyakariri kwa lugha yetu ili nisikosee. Nilimkuta shambani, jua kali, akikusanya maharagwe yaliyokauka. Magoti yalikuwa yamemkataza kwenda kila siku; alienda mara moja kwa wiki, baba mdogo akimpeleka kwa baiskeli. Nilimsaidia mpaka gunia likajaa. Alipoketi kupumua nikaona ndiyo nafasi.

"Kogo," nikasema, "ile siku watoto walikuja na basi..."

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya mgomba. Hakuinua kichwa.

"Watoto wamekuja wengi pale," akasema. "Wengine hata siwakumbuki. Shika upande huo."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi, nikiwa mama, na sasa nikiwa mimi ninayeketi njiani. Siku nyingine naamini alinisamehe. Siku nyingine naona alikuwa amechoka tu na hakutaka kulibeba tena. Siku ile sikufikiri lolote. Nilishika upande wangu wa gunia, yeye akashika wake, tukainuka. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na tulipumzika mara mbili kabla ya kufika nyumbani.